Mikono Bila Mdomo

Hebu niseme na nyinyi mnaotengeneza filamu fupi za kuonyeshwa kwenye maonyesho ya ufinyanzi: mikono tumeiona. Inatosha.

Hiyo filamu kila mtu anaijua. Dakika nne hivi. Vidole vyenye udongo kwa mwendo wa polepole, kinanda kinalia kwa huzuni, droni inapaa juu ya kijiji, moshi, chungu chekundu, basi. Imewekwa kwenye kona, inazunguka kama feni, sauti imezimwa isiwasumbue wageni na divai yao. Kwenye maonyesho fulani hapa Nairobi nilitazama tatu mfululizo. Wafinyanzi wote walikuwa akina mama, na hakuna aliyemaliza hata sentensi moja. Aliyeongea ni msimamizi wa maonyesho, kuhusu ardhi na kumbukumbu. Mwishoni likapita jina la mpiga picha, la mhariri, la mtunzi wa muziki, hata la aliyeleta chakula. La mfinyanzi? Wapi!

Mkiulizwa, mnasema kazi ijisemee. Sawa, lakini chungu kiko pale pale, hatua mbili kutoka kwa skrini, na kinajisemea vizuri tu. Filamu ndiyo ilitakiwa kutuambia yale ambayo chungu hakiwezi: udongo unachimbwa kwenye shamba la nani, na kwa malipo gani; vingapi vilipasuka motoni; kuni zimepanda bei kiasi gani; dalali wa mjini alilipa ngapi kwa hicho chenye kibandiko cha bei ya kututisha. Pale Ilesi, karibu na Kakamega, vyungu hupangwa kando ya lami. Simama ununue kimoja, utapata hadithi hizi bure kabla hujarudishiwa chenji.

Ati lugha ni shida, watazamaji hawataelewa Kiluhya au Kijaluo. Wacheni hizo. Tunakesha na tamthilia za Kikorea tukisoma maandishi chini ya skrini. Kwa mama wa Ilesi ndipo macho yetu yanashindwa kusoma?

Mnadhani ninachokoza vita vidogo. Mkumbukeni Ladi Kwali, Mnigeria aliyejiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja mwaka 1954. Mwaka 1972 alizunguka Marekani akifinyanga mbele ya umati, pamoja na Michael Cardew, Mwingereza aliyeanzisha kituo hicho. Leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20, yeye na chungu chake. Cardew aliacha vitabu, anatueleza mwenyewe alichofikiria. Maneno ya Ladi Kwali kwa kinywa chake kuyapata ni kazi. Alifariki mwaka 1984, na swali ambalo hakuulizwa akiwa hai haliulizwi tena. Angalau vyungu vyake vina muhuri wa LK. Filamu zenu hata muhuri hazina.

Kituoni huko ndiko alikopitia pia Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, katika miaka ya 1970. Vyungu vyake vimeuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni. Naye hafinyangi kwa gurudumu. Anajenga kwa mkono, anasugua mpaka ung'ae, kama mafundi wengi wa vijijini kwetu. Lakini Odundo akihojiwa huulizwa kwa nini: kwa nini shingo imeinama hivi, kwa nini weusi huu. Mama wa kijijini huulizwa asogee kidogo, anaziba mwanga. Hapo ndipo tunapoamua nani ni msanii na nani ni mandhari. Kamera ndiyo inayoamua, halafu bei inafuata.

Kwa hivyo filamu ianze na jina lake na la kwao. Mlipeni siku ya kazi, si leso na asante. Muulizeni kwa nini, halafu mnyamaze mpaka amalize. Washeni sauti. Na kabla ya kuileta Nairobi, tundikeni shuka ukutani kwao muionyeshe huko kwanza. Wenzake watawaambia mmekosea wapi, tena bila kuwaonea haya.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Walikuwa wanataja hali, si kutoa ruhusa.