Jino Halingoji Mwisho wa Mwezi

Wengi wetu tukifika kwa daktari wa meno huwa na neno moja tu: "Ng'oa." Watu husema ni kuchoka kuumwa. Mimi nasema ni pesa. Kung'oa unalipa mara moja na siku hiyo hiyo mambo yameisha. Kuziba mara nyingi ni ghali zaidi, na kutibu mzizi kunaweza kukurudisha kliniki mara mbili au tatu, kila mara na nauli yake.

Lakini tupige hesabu vizuri. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na likitoka hakuna lingine litakaloota. Meno ya jirani huanza kulalia pengo, na lile ambalo yalikuwa yakitafuna pamoja husogea pole pole likitafuta mwenzake. Halafu siku moja unaulizia jino la bandia, unasikia bei, unanyamaza.

Kuna meno ambayo lazima yatoke, sawa. Limevunjika hadi kwa mzizi, ama gego la mwisho limekwama ndani ya fizi. Hapo aamue daktari, si pochi yako. Wewe muulize: "Daktari, hili linaweza kuokolewa? Kuziba ni ngapi na kung'oa ni ngapi? Naweza kulipa pole pole?" Uliza kabla ya ganzi, maana baada ya hapo utaongea kama mtu ana kiazi moto mdomoni.

Ukilipa, lipa kwa Till ya kliniki. Ukiambiwa utume kwa simu ya mtu wa mapokezi, eti "tuma na ya kutoa," kataa kwa heshima. Soma jina kabla ya kukamilisha malipo, na ile meseji usifute: ina kiasi, tarehe na jina la aliyepokea. Ndiyo utakayoonyesha wakisema hujalipa awamu ya kwanza.

Tunaweka akiba ya karo na ya Krismasi kwa simu, ya meno hakuna. Shilingi 20 kwa siku ni 600 kwa siku 30, na 7,300 kwa mwaka. Hiyo tu usiifunge hadi Desemba. Jino likiamka tarehe 19 usiku, unataka pesa inayotoka asubuhi.