Kundi la Maniema Union linapangwa Kinshasa, gharama inalipwa Kindu

Kila mara musimu mupya wa Linafoot unapokaribia, swali ni moja tu kutoka Kindu hadi huku Obokote: Maniema Union itawekwa katika kundi gani safari hii? Watu wanauliza sawa vile mulimaji anauliza habari ya mvua. Wanangoja itoke juu, wanaipokea, halafu wanapanga namna ya kuishi nayo.

Lakini kundi la mupira si mvua. Kuna watu wanaokaa kwenye meza na kulipanga. Wanajua timu gani itasafiri sana na timu gani itacheza karibu na kwao. Wanajua nani atakutana na wakubwa wanaojaza uwanja, na nani atacheza mbele ya viti vitupu. Jambo hilo ni siasa, na watu wa mashariki wamelala kwa muda mrefu wakiliona kuwa ni jiografia tu.

Mutu akumbuke namna shampiona ya inchi yetu ilivyobadilishwa. Katikati ya miaka ya 2010 inchi iligawanywa katika kanda tatu: Mashariki, Kati-Kusini na Magharibi. Waliofanya vizuri katika kila kanda walikutana mwishoni kutafuta bingwa. Baadaye kanda zikavunjwa, likabaki kundi moja la inchi nzima. Musimu wa 2019-2020 ukakatwa njiani juu ya Korona. Musimu wa 2022-2023 haukufika mwisho wala kutoa bingwa. Mwaka huohuo wa 2023, FIFA iliweka komite ya kunyoosha mambo ndani ya FECOFA. Kisha musimu wa 2023-2024 ukachezwa katika makundi mawili, na wenye nguvu wakakutana katika mechi za mwisho.

Kila badiliko lilikuja na maneno mazuri: kupunguza safari, kuinua kiwango, kuokoa pesa. Na maneno hayo si uongo. Inchi hii ni kubwa kupita kiasi. Kutoka Kindu hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1000 angani, na barabara ya kupitisha timu kwa siku mbili tatu haipo. Reli ya Kindu kwenda kusini ipo, lakini hakuna kocha anayeweza kuambia wachezaji wake wapande gari-moshi siku ya Tano wacheze Lubumbashi siku ya Yenga. Inabaki ndege. Wachezaji, kocha, muganga na viongozi, kila mumoja na tikiti yake, hoteli yake na chakula chake. Kwa timu yenye tajiri mukubwa nyuma yake, hilo ni hesabu ya kawaida. Kwa timu ya mukoa ambao hata mushahara wa mwalimu unachelewa, safari tano za namna hiyo zinaweza kumaliza musimu kabla ya mechi ya mwisho.

Kwa hiyo mustari mumoja uliochorwa kwenye karatasi unaweza kuua timu au kuiponya. Ndiyo sababu nyuma ya pazia watu wanasukumana. Timu kubwa inapenda mechi na wakubwa wenzake, kwa sababu hapo ndipo watu wanalipa kiingilio na televisheni inakuja. Timu ndogo inataka jirani, kwa sababu jirani ni safari fupi. Timu iliyo hatarini kushuka inapenda hesabu ya timu iongezwe, ili asishuke mutu. Na wale wanaotafuta kura ndani ya vyama vya mupira wanapenda kumupa kila mutu kitu kidogo, hata kama shampiona inavimba mupaka inashindwa kutembea.

Tena katika inchi yetu, mara nyingi prezida wa timu si mutu wa mupira peke yake. Moïse Katumbi aliongoza TP Mazembe na wakati uleule akawa gavana wa Katanga, tangu 2007 hadi 2015. Jenerali Gabriel Amisi aliongoza AS V.Club kwa miaka mingi. Hakuna haja ya kumushitaki mutu yeyote ili kuona jambo lenyewe: mukutano wa mupira ambamo wanakaa magavana, majenerali na wabunge, sauti ya mwalimu wa shule anayeongoza timu ya teritware haiwezi kuwa na uzito sawa. Hata kama wote wana kura moja moja.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya Congo, ni ya inchi maskini. Waangalie Marekani. Kule michezo ya vyuo vikuu ni biashara kubwa, na vyuo vinakusanyika katika vyama vinavyofanana na kanda zetu. Chama cha pwani ya magharibi, kinachoitwa Pac-12, kilikuwa na zaidi ya miaka 100 ya historia. Mwezi wa sita 2022, vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza kwamba vinahamia chama cha Big Ten, ambacho mizizi yake iko katikati na kaskazini ya inchi ile. Wiki chache baadaye, mwezi wa nane, Big Ten ikatangaza mukataba wa televisheni wa dola karibu miliari 7 kwa miaka 7. Mwaka wa 2023 wengine wakafuata. Stanford na California, vyuo vilivyo karibu na bahari ya Pasifiki, vikaingia katika chama chenye jina la pwani ya Atlantiki, upande mwingine wa inchi. Wachezaji wa mipira midogo, isiyoingiza pesa, nao wakaanza kuvuka inchi nzima kwa ndege juu ya mukataba wa mupira mumoja tu.

Pac-12 ikabaki na vyuo viwili: Oregon State na Washington State. Hawa walikuwa katika miji midogo, mbali na soko kubwa la televisheni. Hakuna aliyewaita. Mutu wa Kindu anawaelewa bila kufundishwa.

Lakini hapa ndipo penye somo. Wale wawili waliobaki hawakulia tu. Walichukua kitabu cha sheria za chama chao, wakaenda mahakamani. Sheria hiyo ilisema kwamba anayetangaza kuondoka anapoteza kiti chake katika baraza la kuamua. Mwezi wa kumi na moja 2023 mwamuzi akawapa haki, na mwezi uliofuata mahakama kuu ya jimbo la Washington ikaacha uamuzi huo usimame. Wadogo wawili wakabaki na funguo za nyumba ambayo wakubwa waliikimbia. Kilichowaokoa ni karatasi iliyoandikwa mapema, kabla ya ugomvi kuanza.

Je, Maniema tuna karatasi ya namna hiyo? Muunga mukono wa Maniema Union anaweza kutaja majina ya wachezaji wote, lakini ni wangapi waliowahi kuona sheria inayosema namna makundi yanavyopangwa? Ni wangapi wanajua nani alipiga kura, na ya nini?

Swali hili si dogo, kwa sababu timu hii imeonyesha inachoweza. Katika musimu wa 2023-2024, Maniema Union ilimaliza nafasi ya pili inchini, nyuma ya TP Mazembe. Ikaenda katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikafika hatua ya makundi, ikawekwa pamoja na Raja Casablanca, FAR ya Rabat na Mamelodi Sundowns. Mwezi wa kumi na moja 2024 ilikwenda Pretoria na kutoka 0-0 na Sundowns, timu yenye pesa nyingi kuliko karibu zote za bara hili. Usiku ule redio ndogo zilisikilizwa Maniema nzima.

Lakini mechi za "nyumbani" za timu hiyo hazikuchezwa Kindu. Zilichezwa mbali, mahali ambapo kiwanja kinakubaliwa na CAF. Mama muuza maandazi wa Kindu hakuuza hata moja siku ambayo Raja ilikuja kucheza na timu ya muji wake. Kijana wa Alunguli hakuona. Jina likaenda Afrika nzima, faida ikabaki kwingine. Hilo nalo ni matokeo ya meza: meza ya kujenga au kutojenga kiwanja, na ya kukubali kwamba timu ya mukoa inaweza kuwa ya wasikilizaji tu.

Kisha vita. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Mwezi wa tatu wakaingia Walikale, na njia inayoshuka Lubutu ikajaa watu. Goma na Bukavu si miji tu katika shampiona yetu. Ni nyumba za timu kama Dauphin Noir na Bukavu Dawa, zilizocheza divizio ya kwanza. Timu ambayo muji wake hauwezi kufikiwa, ambayo wachezaji wake wamesambaa, ni ya kundi gani? Ni rahisi sana kwa mutu aliye Kinshasa kuchukua kalamu na kuifuta, halafu kumupa nafasi yake mwingine mwenye rafiki katika mukutano. Itaitwa "kupanga upya". Lakini kwa familia iliyotoka Goma na kulala chini ya turubai, itakuwa ni mara ya pili kufukuzwa kwao.

Na jambo hilo liko pia hapa chini, bila televisheni. Katika sekta ya Obokote vijana wahami wanacheza pamoja na wenyeji kila jioni. Mupira wa kufunga na kamba unatosha. Shida inaanza pale kijana anapotaka kuandikishwa. Anaombwa karatasi ya kumwachilia kutoka chama cha kwao. Nani ataiandika? Ofisi ile imefungwa, au mwenye muhuri naye yuko kambini. Sheria iliyowekwa kuzuia wizi wa wachezaji inageuka ukuta mbele ya mutoto aliyekimbia risasi.

Wapo watakaosema: watu wana njaa, vita haijaisha, na nyinyi mnazungumza mupira? Neno hilo lina ukweli, chakula na usalama vinatangulia. Lakini muhami hakai katika foleni ya chakula masaa yote ya siku. Jioni kijana anatafuta mahali pa kuwa mutu, na wenye bunduki nao wanajua hivyo. Wanamutafuta kijana asiye na shule, kazi wala timu. Kiwanja chenye utaratibu ni kazi ya amani.

Wengine watasema viongozi wa mupira hawana pesa, lazima waachiwe nafasi ya kubadilisha mambo kila mwaka. Hapana. Mwenye pesa chache ndiye anayehitaji kujua mapema atasafiri wapi. Kubadilisha sheria kila musimu kunamusaidia yule tu anayeweza kulipa chochote kitakachotokea.

Mambo matatu yanaweza kuombwa bila kungoja muhisani. La kwanza, sheria ya kupanga makundi, ya kupanda na kushuka, iandikwe na kutangazwa kabla ya musimu, na isiguswe mupaka musimu uishe. Na kura za mukutano zijulikane. La pili, timu za miji iliyo katika vita zishikiwe nafasi zao, hata kama hazichezi, mupaka zitakaporudi. La tatu, hapa Maniema, vyama vya mupira vya teritware viwaandikishe vijana wahami kwa ushuhuda wa wazazi na mukubwa wa kijiji, bila karatasi ya kule walikotoka.

La tatu halihitaji ndege wala Kinshasa. Linahitaji viongozi wa Lubutu wakae kwenye meza moja, siku moja, mbele ya watu. Wakifanya hivyo, watakuwa na kinywa cha kuwauliza wakubwa wa Kinshasa kwa nini meza yao iko gizani. Wasipofanya, mutoto wa Walikale atazidi kusimama nje ya mustari na viatu mukononi, akiangalia wenzake wakicheza.