Mafuta ku raketi: nani anaumia?

Sheria ambayo arbitre hawezi kupima inaumiza mtu mmoja tu: ule anayeitii. Njo vile iko leo katika ping-pong.

Tukumbuke namna mambo yalianza. Miaka mingi wachezaji walikuwa wanapaka kole yenye solvanti chini ya kauchu, ule mpira unaobandikwa juu ya raketi, mbele kidogo ya mchezo. Mvuke wake ulivimbisha sponji, kampira kanaenda mbio na kuzunguka zaidi. Lakini mvuke ule ni mbaya kwa anayeuvuta, na hata batoto walikuwa wanaipaka. Juu ya ile, Federasheni ya kimataifa, ITTF, iliikataza tangu tarehe 1 Septemba 2008, kisha tu Michezo ya Olimpiki ya Beijing. Pale walikuwa na haki kabisa.

Ila sheria inaenda mbali zaidi: kauchu itumike bila dawa yoyote. Basi kole ikatoka, mafuta yakaingia. Wanayaita « booster ». Sponji inayakunywa, inavimba, inakuwa laini. Kazi ni karibu ile ile. Tofauti ni kwamba mengi hayatoi mvuke wa solvanti, na mashini ya arbitre inatafuta mvuke. Kipimo kingine ni unene: kauchu, sponji na kole pamoja zisipite milimita 4. Mjanja ananunua sponji nyembamba, anaipaka mafuta, inavimba bila kupita mpaka. Raketi inakubaliwa. Hata Mjerumani Timo Boll, aliyekuwa nambari 1 wa dunia, alilalamika wazi juu ya jambo hili.

Wengine wanasema: mukiruhusu mafuta, mwenye feza njo atashinda. Lakini chupa zinauzwa wazi ku intaneti. Mwenye feza anazo tayari. Anayekosa ni kijana wa klabu ya mtaa ambaye mwalimu wake alimukataza kudanganya.

Kwa hiyo ITTF ichague: ilete kipimo kinachoona mafuta, ao iruhusu yale yasiyo na sumu, itoe liste yake, na milimita 4 zibakie. Mimi naona njia ya pili njo inawezekana. Tukiendelea hivi, tunafundisha batoto kwamba kuheshimu sheria ni ujinga.