Mgonjwa wa Kupasuliwa Asinyang'anywe Jembe

Mwalimu mmoja mstaafu, jirani ya jamaa zangu nje kidogo ya mji wa Kitale, alipogunduliwa kuwa na saratani ya umio, jambo la kwanza walilolifanya wanawe ni kumficha jembe. "Baba, wewe sasa ni mgonjwa. Pumzika," walimwambia. Mzee aliyezoea kwenda shambani kila alfajiri akawekwa kitandani kungojea siku ya kupasuliwa. Majuma matano baadaye, hakuweza kuinuka kitini pasipo kushikwa mkono. Madaktari walilazimika kuahirisha upasuaji ili kwanza apate nguvu.

Wanawe hawakukosa mapenzi, bali maarifa. Na upungufu huo ni wetu sote, kuanzia Kitale hadi Bungoma. Katika fikira zetu, kuugua ni kulala. Ilhali mwili usiotumika hupoteza misuli upesi, hasa mwili wa mtu mwenye umri mkubwa. Saratani ya umio, ambayo ni miongoni mwa zile zinazotusumbua sana magharibi mwa Kenya na katika Bonde la Ufa, humzuia mgonjwa kumeza. Hivyo njaa, maradhi na kitanda huishambulia misuli kwa pamoja.

Misuli ni ghala ya protini. Baada ya upasuaji, mwili huchota humo ili kuponya jeraha na kupigana na maambukizi. Aidha, misuli ya kifua na tumbo humwezesha mgonjwa kukohoa na kutoa makohozi, asije akashikwa na nimonia.

Sisi walimu tunalo neno moja kwa kazi ya daftarini na kazi ya viungo: zoezi. Asili yake ni kuzoea. Mwanafunzi hufanya mazoezi kabla ya mtihani, si baada ya kukusanya karatasi. Upasuaji nao ni mtihani wa mwili.

Isidhaniwe kuwa hizi ni ndoto za mwanaisimu. Mnamo 2014, watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya wagonjwa 77 waliopasuliwa saratani ya utumbo mpana. Makundi mawili yalipewa mazoezi, lishe na ushauri ule ule. Moja lilianza majuma manne kabla ya upasuaji, jingine baada yake. Majuma manane baada ya kupasuliwa, wagonjwa 84 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamerudia uwezo wao wa kutembea, dhidi ya 62 wa kundi la pili.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mitambo: kutembea kila siku hadi pumzi zipande, ila mtu aweze kuzungumza, kuinuka kitini na kuketi mara kadhaa, kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Asiyemeza vigumu apewe uji uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa, kwani mazoezi pasipo chakula ni kuchota katika ghala isiyojazwa.

Ni kweli, wapo wasiofaa kujikaza: wenye moyo dhaifu, upungufu mkubwa wa damu, au saratani iliyofika mifupani. Daktari ndiye wa kuamua. Wala upasuaji usicheleweshwe kwa ajili ya mazoezi. Tutumie majuma ya kungoja ambayo tayari yapo.

Tangu 2013, hospitali zetu nyingi zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Trans Nzoia na Bungoma zinaweza kumpa kila mgonjwa anayetumwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili chepesi na kwa Kibukusu, pamoja na mtaalamu wa viungo wa kumwonyesha. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na siku za ziada wodini.

Nawe mwanafunzi, ukiwa na babu anayengojea kupasuliwa, usimhurumie kwa kumtandikia kitanda mchana. Daktari akiridhia, mshike mkono mtembee hadi barabarani na kurudi. Akiba haiozi.