Vita vya Nyotani Vilivyosimuliwa Kaniha

Mara nyingi mmeniuliza ni vitabu gani vya vita vinavyofaa kuingizwa nyumbani, hasa kwa vijana ambao macho yao huvutwa na bunduki, ndege na mitambo. Leo nitawapendekezea vile vinavyoitwa riwaya za kisayansi za kijeshi, yaani hadithi za kubuni za majeshi yapiganayo kwa silaha ambazo bado hazijaundwa, na mara nyingi katika sayari nyingine. Najua wapo watakaoguna kwamba huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipokwenda likizo Kaniha, wilayani Biharamulo, nyumbani kwa baba yangu mdogo.

Mkobani nilikuwa na kitabu kikuukuu nilichonunua kando ya barabara jijini Dar es Salaam. Jina lake ni The Forever War, yaani vita visivyokoma, nacho kilichapishwa mwaka 1974. Mwandishi wake, Joe Haldeman wa Marekani, alisomea fizikia na elimu ya nyota, kisha akaandikishwa jeshini mwaka 1967 na kupelekwa Vietnam, ambako alijeruhiwa vibaya. Basi jioni, baada ya chakula, baba mdogo akaniona nakisoma kwa kurunzi, akasema, "Mwanangu, kitu kinachokunyima usingizi kisiwe siri yako peke yako. Hebu tusimulie."

Baba mdogo si mtu wa kudanganywa kwa habari za vita. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, yeye alikuwa kijana wa mgambo. Alikuwa miongoni mwa wengi walioongezwa katika Jeshi la Wananchi, akatembea kwa miguu kutoka mpakani hadi ndani kabisa ya Uganda. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini yeye alirudi nyumbani miezi mingi baadaye. Kwa muda wote nilipomfahamu, habari zake za vita hazikuzidi matope, mvua na viatu vibovu.

Nikaanza kusimulia. Kijana William Mandella anachukuliwa kwa lazima kwenda kupigana na viumbe wa nyota za mbali. Chombo chao husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na hapo ndipo panapozaliwa msiba wote wa kitabu, kwa kuwa katika kasi hiyo saa iliyo chomboni huenda polepole kuliko saa iliyobaki nyumbani. Hilo si porojo la mtunzi, ni sayansi aliyoieleza Albert Einstein mwaka 1905. Mandella anapigana, anarudi, na umri wake umeongezeka kwa miaka miwili tu, ilhali duniani imepita zaidi ya ishirini.

Baba mdogo akainua mkono kunisimamisha. "Na mshahara wake? Waliuhesabu kwa miaka yake miwili au kwa ile ya nyumbani?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa la haki, na mwandishi alikwisha lifikiria. Walilipwa kwa miaka ya nyumbani, pamoja na faida yake, wakarudi matajiri. "Vema," akasema. "Endelea."

Nikaendelea hadi pale Mandella anapomkuta mama yake amezeeka kupita kiasi. Baba amekwisha fariki. Mama anaugua, lakini serikali ya wakati huo humpangia kila mzee daraja la kutibiwa, naye amepangiwa sifuri. Mwanawe ana fedha tele na medali, lakini hana la kufanya. Mama anafariki. Kijana haioni tena sababu ya kukaa katika dunia isiyomjua, akarudi jeshini.

Baba mdogo hakusema neno kwa muda. Mama mdogo alikuwa akichambua maharage, naye mikono yake ilisimama. Kisha baba mdogo akatuambia jambo ambalo sisi watoto wa ukoo huu hatukuwahi kuambiwa: kwamba aliporudi, akiwa bado njiani na mzigo wake begani, alikutana na mtoto wa jirani akichunga mbuzi, na mtoto huyo ndiye aliyemwambia kwamba mama yake, yaani bibi yetu, alikwisha zikwa tangu masika. "Alinisalimu kwanza," akasema, "halafu akaniambia. Nikamwuliza kaburi liko upande gani. Akanionyesha kwa fimbo yake ya mbuzi." Mama mdogo, aliyeolewa naye mwaka 1982, alikuwa akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana nasema kitabu hiki kisomwe. Kina mapigano ya kutosha kumridhisha kijana yeyote, na kina mambo ya unyumba ambayo mzazi afadhali ayapitie kwanza. Kwa hiyo nakipendekeza kwa waliokwisha vuka miaka kumi na minane.

Kesho yake nilijaribu kingine, Starship Troopers cha Robert Heinlein, cha mwaka 1959. Humo askari huvaa vazi la chuma lenye mtambo, linalomwezesha kuruka juu ya majengo. Baba mdogo akauliza uzito wake. Nikamjibu kwamba ni takriban kilo 900, ila vazi hujibeba lenyewe. "Likiharibika je?" akauliza, na sikuwa na jibu. Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa watafurahia sura za mafunzo ya kambini. Lakini wasome kwa tahadhari, maana katika nchi ya kitabu hicho hapigi kura ila yule aliyemaliza utumishi, na mwandishi anaisifu mno hali hiyo. Heinlein alikuwa ofisa wa jeshi la maji aliyeachishwa kwa maradhi mwaka 1934, wala hakupata kupigana. Nadhani inaonekana.

Kwa vijana wadogo ningeanza na The War of the Worlds cha H. G. Wells, cha mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi wanaivamia Uingereza kwa mashine za miguu mitatu na miale ya moto, na mizinga ya Waingereza haifui dafu. Wells mwenyewe anamkumbusha msomaji jinsi wakazi wa Tasmania walivyoangamizwa na Wazungu. Msomaji wa kwetu hahitaji kukumbushwa sana: miaka saba tu baadaye wazee wetu wa Maji Maji walisimama mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani.

Kwa Kiswahili je? Vita vyetu wenyewe vimeandikwa. Henry Muhanika aliviimba katika Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada, uliotoka mwaka 1981, naye marehemu Ben Mtobwa alivijengea riwaya, Zawadi ya Ushindi. Kwa upande wa safari za angani ipo Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, ya mwaka 1995, ambayo shujaa wake hurushwa ndani ya chombo kama adhabu ya kifo, ingawa si habari ya kijeshi. Lakini riwaya ya Kiswahili inayompeleka mwanamgambo wa Biharamulo hadi nyotani na kumrudisha nyumbani, hiyo sijaiona.

Likizo yangu ilikwisha kabla ya kitabu cha Haldeman. Nilipoondoka, Mandella alikuwa ametenganishwa na Marygay, askari mwenzake na mpenzi wake, kila mmoja akipelekwa vita vyake kwa miaka mamia. Tangu hapo baba mdogo amenipigia simu mara mbili. Husalimia, huuliza watoto, hulalamikia bei ya mbolea, halafu ndipo anapouliza kama yule kijana alimpata mwenzake. Nimekataa kumwambia. Nimemjibu kwamba nitakuja Desemba na kitabu mkononi.