Rubani Asiyeijua Uluguru

Siku hizi dereva avukaye bahari kutoka Unguja au Pemba kuja Bara huja na rubani wa aina mpya. Si yule mzee aliyepanda chomboni kuliongoza jahazi lisipande mwamba, ajuaye kila fungu na kila mkondo. Ni kifaa kidogo kilichobandikwa mbele ya usukani, kisemacho pinda kulia, pinda kushoto, umefika. Swali linaloulizwa barazani ni moja: kipi kinunuliwe? Ni swali la haki, ila ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili haimhusu mnunuzi, inawahusu maofisa wa Serikali, nasi tutawafikia.

Tuanze na mnunuzi. Magari yetu mengi, ya Visiwani na ya Bara, yametumika Japani kabla ya kufika kwetu, na mengi huja na kioo cha ramani katikati ya dashibodi. Muuzaji hukisifu sana kioo hicho. Ukweli ni kwamba ni pambo. Ramani iliyomo ni ya Japani, sauti ni ya Kijapani, na betri ikifunguliwa mara moja tu vingine hujifunga na kudai kadi iliyobaki huko huko kilikotoka. Asiongeze mtu hata shilingi moja kwa ajili yake.

Vimebaki viwili: kifaa maalumu, kama vile vya Garmin, na simu ya mkononi. Wapo wanaodhani kwamba mtandao wa simu ukikatika, simu haijui tena ilipo. Sivyo. Mahali pa gari hujulikana kwa mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, zizungukazo kiasi cha kilometa 20,200 juu yetu, na mawimbi hayo hayalipiwi. Kinachohitaji mtandao ni ramani yenyewe. Basi mwenye simu na aipakue ramani ya mkoa mzima angali nyumbani, wala asingoje mpaka awe kwenye makona ya Mgeta. Mwenye kifaa maalumu ramani anayo ndani, lakini aulize dukani: ni ya nchi gani, na ya mwaka gani? Kilichonunuliwa Ulaya aghalabu hubeba ramani ya Ulaya. Anayeendelea hadi Zambia au Rwanda atafaidika na ramani za Tracks4Africa za Afrika Kusini, zilizokusanywa kutokana na njia walizopita wasafiri wenyewe. Anayeishia Morogoro simu inamtosha, mradi awe na chaja ya gari. (Tumewasikia baadhi ya ndugu zetu wakiiita safari ya Morogoro safari ya ng'ambo. Nchi ni moja tangu 1964. Ng'ambo huanza Rusumo, ambako dereva huhamia upande wa kulia wa barabara.)

Hata hivyo, kifaa kizuri kuliko vyote chaweza kumpotosha mtu kwa sauti tamu. Tazama Bunduki na Matombo. Ukipima kwa rula, ni majirani. Lakini kati yao umesimama mgongo wa Uluguru, wenye kilele cha Kimhandu kipitacho meta 2,600, pamoja na msitu wa hifadhi. Mluguru mwenye miguu yake huvuka. Mwenye gari hana budi kushuka hadi barabara kuu, arudi mjini Morogoro, kisha aanze safari nyingine kwa njia ya Mkuyuni. Ramani inayochora njia ya miguu kwa rangi ile ile ya barabara ya lori haimsaidii dereva huyu, inamtega. Kifaa kinapokadiria saa ya kufika, huhesabu umbali na mwendo. Hakihesabu udongo mwekundu uliolowa, wala lori la viazi lililokwama konani. Na bonde likiwa jembamba na miti mingi, setilaiti zenyewe hufichwa na mlima.

Majina nayo yana mitego yake. Mkuyuni ipo chini ya Uluguru, na Mkuyuni ipo Mwanza. Kibungo ipo Morogoro Vijijini, na Kibungo ipo Rwanda. Dereva na aandike jina la wilaya pamoja na la kijiji, kisha aitazame njia yote kabla ya kuwasha gari. Akifika njiapanda asione haya kuteremsha kioo na kumwuliza mwendesha bodaboda.

Sasa tuwageukie maofisa. Hadi Mei 2000 Wamarekani, wenye mfumo wa GPS, waliyavuruga kwa makusudi mawimbi waliyowapa raia, hata kosa likafika meta mia moja. Waliacha kwa hiari yao. Leo Warusi, Wachina na Ulaya wana setilaiti zao, na simu nyingi za kisasa husikiliza zote, hivyo kamba hiyo imelegea. Utegemezi uliobaki ni wa ramani, na huo ni wa kujitakia. Wazanzibari walilionyesha hilo mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA walipoanza kuvipiga picha visiwa kwa ndege zisizo na rubani. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Mwaka 2022 ilipita operesheni ya anwani za makazi, na tarehe 23 Agosti mwaka huo ikaanza sensa, makarani wakiwa na vishikwambi. Hakuna awezaye kusema kwamba Taifa halina habari za vijiji vyake.

Habari zipo, ila zinalala. Mvua za mwaka 2023 na 2024 zilivunja barabara na madaraja katika mikoa mingi. Daraja la kijijini likichukuliwa na maji usiku, mtendaji wa kijiji hujua kabla ya jua kuchomoza, na mhandisi wa wilaya hujua kabla ya adhuhuri. Dereva wa gari la wagonjwa anayeongozwa na simu hujua afikapo ukingoni. Kuiingiza habari hiyo katika ramani za wazi, ambazo yeyote aweza kuzisahihisha, ni kazi ya dakika chache kwa kijana mmoja mwenye kompyuta. Haihitaji wafadhili, haihitaji semina, wala haihitaji posho.

Tunazitaka ofisi za TANROADS na TARURA mkoani Morogoro zimteue kijana huyo kabla ya masika ya Machi, na aanze na njia mbili: ya Mgeta na ya Matombo.