Sola Bila Mnunuzi wa Miaka 20? Mimi Niko Ndani

Fungua ile SMS ya mwisho ya tokeni. Usiangalie yuniti peke yake, soma mpaka chini. Kuna mafuta, kuna kodi, na kuna kitu kinaitwa forex. Yaani uko zako Section 58 unachaji simu, lakini bei ya dola imeingia kwenye stima yako. Sababu moja ni mikataba mirefu ya kununua umeme kwa pesa za kigeni. Mingine ilisainiwa wengi wetu tukiwa bado shule ya msingi.

Mkataba kama huo uko hivi: mwekezaji anajenga mtambo, Kenya Power inaahidi kununua umeme wake miaka 20 au zaidi, bei ishapangwa. Yeye analala, sisi tunakesha. Kumbuka upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo ya megawati 310 ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya kuleta stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikachelewa mpaka 2018. Upepo unavuma, stima haifiki, na nchi ikadaiwa mabilioni ya shilingi. Nani alibeba huo mzigo? Msee wa tokeni.

Sasa kuna njia nyingine. Unajenga sola bila mnunuzi wa miaka 20, halafu kila siku unapeleka umeme sokoni, kama vile mama mboga anavyopeleka sukuma. Leo bei iko juu, kesho iko chini, maisha yanaendelea.

Si ndoto. Nchi za kusini mwa Afrika ziliungana kwenye Southern African Power Pool mwaka 1995, na tangu 2009 wana soko la umeme wa kesho. Leo muuzaji anataja kesho saa fulani ataleta kiasi gani na kwa bei gani, mnunuzi anataja anachotaka, bei inapatikana saa kwa saa. Zambia kuna kampuni inaitwa GreenCo inayonunua kwa wazalishaji na kuuza kwa wateja mbalimbali na kwenye hilo soko. Mteja mmoja akishindwa kulipa, mradi hauanguki naye.

Huku kwetu nyaya tayari ziko. Laini ya Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,000, inaishia hapo hapo Suswa. Inaweza kubeba megawati 2,000. Tulianza na 200 mwaka 2022, tena kwa mkataba wa miaka 25! Desemba 2024 tukaungana na Tanzania kupitia Isinya na Singida. Na Uganda tumeunganishwa nayo tangu enzi za mkoloni. Barabara tunayo, kilichobaki ni soko lenyewe.

Najua utaniambia nini: jua halina akili ya biashara. Saa sita mchana linawaka Garissa, Kesses, Addis Ababa na Dodoma kwa pamoja. Wote wakileta bidhaa saa hiyo, bei inaanguka kama nyanya za msimu. Saa moja jioni, watu wakianza kupika na kuwasha TV, bei inapanda na wewe mwenye sola huna kitu. Ndiyo maana benki huuliza kwanza, "Mnunuzi wako ni nani?"

Swali ni halali. Lakini angalia majirani tulionao. Ethiopia na Uganda wana mabwawa. Mchana wakinunua sola yetu ya bei rahisi, wanaweza kushikilia maji, kisha jioni wakayafungulia. Bwawa linageuka betri. Sisi nasi tuna Olkaria, ambako usiku wa manane mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa sababu wanunuzi wamelala. Huo pia ungepata mtu wa kuununua.

Niliacha chuo, sina digrii ya uchumi. Lakini hili halihitaji digrii: anayetafuta faida ndiye abebe hatari. Bei ya mchana ikianguka, hasara ni ya mwekezaji. Akitaka pesa ya jioni, anunue betri. Asilipiwe na mathe anayekaanga chipo Kaptembwo.

Nina masharti mawili tu. Kwanza, serikali isimpe huyo mwekezaji dhamana kupitia mlango wa nyuma. Hasara zikirudi kwetu, hilo si soko, ni mkataba wa zamani uliovaa nguo mpya. Pili, bei za kila saa ziwekwe wazi, mtu yeyote azione kwenye simu. Umeme ukivuka mpaka kwa bei ya siri, tutaibiwa mchana kweupe, jua likiwaka.

Sheria ya Kawi ya 2019 ilishafungua mlango wa ushindani. Basi EPRA ikiita maoni ya umma kuhusu bei na masoko, wasee, tusiwaachie watu wa suti peke yao. Hiyo mikataba ya miaka 20 na 25 wanasaini wao, lakini watakaoilipa mpaka mwisho ni sisi.